Usitie Mafuta

"Inasemaje?" mzee aliuliza kwa mara ya tatu.

Binti yake aliinamia kioo cha kompyuta. Aliyasoma yale maandishi meupe huku midomo ikicheza bila sauti, akayageuza Kiswahili kichwani, kisha akasema, "Ileile, baba. Inasema haioni diski."

"Haioni vipi, na imo humohumo tumboni mwake?"

"Haioni tu."

"Umeizima ukaiwasha?"

"Mara tano."

Mzee aliguna. Mtaani walimwita Bobini, kwa kuwa tangu ujana wake kazi yake ilikuwa kutengeneza vyerehani, na hakukuwa na mfuko wa suruali yake ambao ungeugeuza isianguke bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Mashine iliyokataa alikuwa akiijua kwa sauti: hii imekatika mkanda, ile sindano imepinda, hii nyingine mwenyewe ndiye mbovu. Lakini mashine inayokaa kimya, ikawaka taa, ikaandika kwa Kiingereza kwamba haina kitu ilichonacho, hiyo hakuijulia mlango.

Na maneno hayo alikuwa ameyasikia jana yake tu, kwa Kiswahili, kutoka kwa mtu mwenye kiti na meza.

"Faili halionekani, mzee wangu," karani wa masjala alimwambia kupitia kidirisha cha ofisi ya ardhi.

"Halionekani, au halipo?"

"Halionekani."

"Nyinyi ndio mliotaka barua zetu za viwanja, zile zenyewe, mkasema mnazihakiki. Mke wangu akaileta hapahapa, dirishani hapa. Miaka mitatu. Leo mnanichorea X ya kubomolewa ukutani kwa kuwa sina barua, na barua mnayo nyinyi!"

"Mimi sijakuchorea ukuta. Waliochora ni idara nyingine. Wewe lete barua au lete ushahidi. Kamati ya mapingamizi inakaa kesho kutwa saa nne. Asiye na karatasi, jina linakwenda kwa watu wa tingatinga. Nyuma yako!"

"Nyuma yako" hiyo alikuwa akimwita mtu wa pili kwenye foleni. Bobini alisogezwa pembeni kwa bega la mtu mwenye haraka zake, akabaki anaitazama kofia ya karani. Ndivyo walivyo. Mdogo akipoteza kipande cha karatasi ni mzembe, anaambiwa alale nje. Wao wakipoteza faili zima, faili ndilo lenye makosa: halionekani.

Sasa ile kesho kutwa ilikuwa imekuwa kesho. Kilichobaki ni kompyuta ya marehemu mkewe, aliyekuwa katibu wa kamati ya wakazi. Mama yule aliinunua ikiwa imechoka, shule moja ilipokuwa ikiuza vitu vyake vya zamani, akajifunza kuandika kwa vidole viwili akiwa na miaka arobaini na sita. Kabla ya kuipeleka barua ofisini, aliitolea kopi; huko dirishani akaigongesha kopi hiyo muhuri, na aliporudi akaipiga picha akaiweka humo ndani. Kopi yenyewe ililoa mvua ya mwaka jana ikawa uji. Ya ndani ya kompyuta haikuwa na mvua. Ila kompyuta ilisema haina diski.

"Uliigonga," Bobini alisema ghafla.

"Nani?"

"Wewe. Ulipoitoa chini ya kitanda. Nilisikia kishindo."

"Baba, kile kilikuwa kiwiko changu."

"Kiwiko hakilii vile. Mwaka mzima nimeitunza mimi, haijaguswa na inzi. Umeishika wewe siku moja, imekufa."

Binti alikuwa mwalimu wa chekechea, mtu aliyezoea kulaumiwa kwa kalamu zilizopotea kwenye mikoba ya watoto wa watu. Aliikunja kompyuta, akairudisha ndani ya lile shuka la maua la mama yake lililokuwa limeifunga kwa mwaka mmoja na miezi miwili, akaikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa.

"Twende kwa fundi," alisema. "Kabla hajafunga."

Walipotoka, Bobini hakugeuka kuutazama ukuta. Hakuwa na haja. X ile nyekundu ilikuwa kubwa kuliko mlango, na rangi ilikuwa imechuruzika mpaka chini, kama aliyeipaka alikuwa na haraka ya kwenda kupaka kwingine.

*

Kibanda cha fundi wa kompyuta kilikuwa kimebanwa kati ya kinyozi na duka la kutolea kopi. Fundi mwenyewe alikuwa msichana mwenye miwani ya kukuzia aliyoisukuma mpaka utosini, na watu wote, hata wazee, walimwita Dada Fundi. Wanaume wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi wakingoja simu zao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Naona bisibisi mfukoni. Wewe ni fundi mwenzangu."

"Mimi natengeneza mashine zinazofanya kazi," Bobini alijibu.

"Zikifanya kazi wanakuletea za nini?"

Wale wa kwenye benchi walicheka. Bobini naye nusura acheke, akakumbuka kilichomleta. Binti alieleza: haioni diski, kuna barua ndani, kesho saa nne.

"Kesho!" Dada Fundi alisema. "Nyinyi watu mna imani."

Aliiwasha, akagonga kitufe mfululizo kama mtu anayebisha hodi kwa mwenye deni. Kioo kikawa cha bluu. "Hapa mashine inataja viungo vyake yenyewe," alisema, akipitisha kidole. "Betri ipo. Kumbukumbu ipo. Diski…" Kidole kikasimama. "Hakuna. Basi ugonjwa hauko kwenye programu. Uko mwilini."

Aliizima, akatoa betri, akaipindua kifudifudi. Bisibisi yake ilizunguka mara moja tu kwenye skrubu ya kwanza, ikaacha. Ya pili vilevile. Alishusha miwani machoni.

"Skrubu hizi zimelegezwa. Zote, nusu mzunguko, kama zimepimwa. Nani alifungua hii?"

Binti alimtazama baba yake, si kwa kumshuku, bali kwa kuwa yeye ndiye aliyezoea kujibu mafundi.

Bobini alihisi joto likimpanda masikioni. Jibu lilikuwa fupi, lakini wale wawili wa benchi walikuwa wameinua macho, na fundi huyu mtoto alikuwa ameshamwita mwenzake.

"Sisi tutajuaje," alisema. "Mama yake ndiye aliyekuwa akiitumia. Labda aliipeleka kwa mtu."

"Mama yuko wapi tumuulize?"

"Alishafariki," binti alisema.

"Poleni jamani."

"Tumeshapoa," Bobini akajibu haraka, akakigeukia kibanda cha kinyozi kana kwamba kulikuwa na mtu anayemfahamu kule.

Dada Fundi alifungua kifuniko, akachomoa diski taratibu. Ilikuwa bapa, nyeusi, si kubwa kuliko kiganja. Alipuliza, akapitisha brashi kavu kwenye meno yake ya kuchomekea, akaipitisha tena ndani ya tundu lake kwenye mashine, akairudisha. Kioo cha bluu: hakuna. Akachukua diski yake mwenyewe, nzima, akaichomeka mahali pa ile. Hakuna. Akaichukua ya mama, akaiunga kwa waya kwenye kompyuta yake ya mezani. Akangoja. Hata taa haikupepesa.

Aliketi, akajipangusa jasho kwa mkono wa blauzi.

"Mzee, nikwambie ukweli?"

"Niambie."

"Tundu la mashine limekufa, na diski nayo imekufa. Vyote viwili kwa mpigo. Hicho kitu kwa kawaida ni umeme. Umerudi kwa nguvu siku moja, umepiga."

"Si nilisema!" Bobini alipiga paja. Hakuwa amesema, lakini wakati ule aliamini kwamba alisema. "Hao wa umeme! Wanakata saa wanayotaka, wanarudisha wanavyotaka, ukienda kulalamika unaandikiwa namba ya lalamiko. Namba! Wenyewe nyumbani kwao wana majenereta. Sisi vitu vyetu viungue, sisi tuchorwe kuta, sisi tuambiwe nyuma yako!"

"Mimi waliniunguzia friji," alisema mmoja wa benchi.

"Mimi redio," akasema mwingine.

Kwa muda mfupi kibanda kilikuwa na faraja. Bobini aliisikia ikimshuka kifuani kama maji ya kunywa. Nyumba ilikuwa inakwenda, barua ilikuwa imekwenda, lakini angalau alijulikana aliyefanya. Angeweza kuishi na hilo. Angeweza kukaa kwenye chumba cha kupanga popote pale na kuwasimulia watu hilo mpaka afe.

Binti yake machozi yalikuwa yakimtoka bila kelele, na alikuwa akiyapangusa kwa ncha ya shuka la mama yake.

Dada Fundi alianza kukusanya vitu vyake. Alichukua ile diski yake nzima, akairudisha kwenye kompyuta yake. Akangoja. Akaichomoa, akaichomeka tena. Uso ukambadilika.

"Hapana," alisema. "Hapana, jamani."

"Nini?"

"Haionekani. Diski yangu! Nusu saa iliyopita ilikuwa nzima, nimefanyia kazi asubuhi yote. Humu mna mitihani ya shule nzima, sijaikabidhi!" Aliikazia macho ile kompyuta ya mama kama nyoka. "Mashine yenu imeniulia diski. Mzee, mmeniletea balaa gani hapa?"

Faraja ilikuwa imeshaondoka.

Binti ndiye aliyeiokota ile brashi mezani. Aliigeuza ili aiweke mahali pake, na nywele za brashi zikapita karibu na pua yake. Akasimama. Akainusa tena, kwa makusudi. Alikuwa amezaliwa ndani ya harufu ile. Ilikuwa kwenye nguo zake za shule, kwenye vitasa vya milango, kwenye mikono iliyompakata. Alimgeukia baba yake. Alimtazama tu, kisha akaiweka brashi chini polepole, na kuyainamisha macho, kwa kumwonea haya.

Mtazamo ule wa kuinama ulimshinda Bobini kuliko yote. Karani angemtazama hivyo, angemtukana. Huyu alikuwa mtoto wake, amemsingizia leoleo, na bado alikuwa tayari kumfichia.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini, mzee?"

"Aliyefungua ni mimi. Si marehemu. Na huyu mtoto hakuigonga." Alitoa bisibisi yake ndogo mfukoni, akaiweka mezani, kama anayesalimisha silaha. "Niliitia mafuta."

Dada Fundi alipandisha miwani utosini. "Ulitia nini?"

"Mafuta ya cherehani, na grisi kidogo." Akaendelea. "Mashine ikilala muda mrefu hailazwi kavu, inapata kutu. Mteja wangu akifa, cherehani chake nakilegeza skrubu nusu mzunguko, chuma kisikae kimejikaza. Kila jino nalipaka, nakifunga kwa nguo. Kinakaa miaka kumi, kinakuja kuamka kama jana. Basi alipofariki mama yake, wiki ileile… mimi kompyuta siijui. Niliona ni mashine yake. Nikaona nisiiache hivihivi. Kila kilichong'aa nilikipaka. Mpaka ndani kabisa, kwa pamba kwenye ncha ya sindano."

Hakuna aliyecheka. Mmoja wa wale wa benchi alikohoa, akatazama viatu vyake.

"Mbona hukusema nilipouliza?"

"Niliona haya."

Dada Fundi aliishika diski ya marehemu, akaielekeza kwenye taa. Safari hii aliiangalia kama mtu anayejua anachotafuta. Katikati ya meno kulikuwa na utando wa rangi ya chai, mzito, umeshika vumbi la mwaka mzima.

"Imeganda," alisema. "Na mimi na brashi yangu nimeisambaza kila mahali. Nimeupaka ugonjwa kwa mkono wangu." Akavuta pumzi. "Mzee, meno haya hayapati kutu. Yamepakwa dhahabu."

"Dhahabu?"

"Kidogo tu, kama ukungu. Lakini dhahabu kweli."

Bobini aliyatazama. Mkewe hakuwahi kuvaa dhahabu hata ya kuazima. Kumbe alikuwa akitembea nayo kwenye mkoba, na wote wawili hawakujua.

Chupa ya spiriti ilitoka chini ya meza. Dada Fundi alisafisha diski yake kwanza, na hakuna aliyemlaumu kwa hilo. Ilipoonekana, alifumba macho kidogo. Kisha akaisafisha ya mama, jino kwa jino. Lakini lile tundu la ndani ya mashine lilikuwa jembamba, na pamba yake ilikuwa nene.

"Nipe mimi," Bobini alisema. "Niliyeingiza ndiye anayejua njia."

Dada Fundi alisita, kisha akampisha kiti. Mzee alichagua sindano kutoka kwenye ukosi wa shati lake, akaizungushia uzi mmoja wa pamba mpaka ikawa nyembamba kama unywele wa paka, akaichovya kwenye spiriti, akainama. Mikono yake ilitulia. Alipitisha, akatoa, akatupa pamba, akazungusha nyingine. Pamba ya kwanza ilitoka kahawia. Ya sita ikatoka kijivu. Ya kumi na moja ikatoka nyeupe.

"Chomeka," alisema.

Kioo cha bluu. Kidole cha Dada Fundi kikateremka: betri, kumbukumbu. Kikasimama.

"Ipo," alisema.

Binti aliketi sakafuni palepale alipokuwa amesimama.

Kompyuta ilichukua muda kuamka. Katikati ya kioo, kati ya mafaili machache, lilikuwepo moja ambalo marehemu aliliandika kwa herufi kubwa: NYUMBA. Barua ilifunguka ikiwa imepinda kidogo, na pembeni kilionekana kidole gumba cha mama, kimeishikilia karatasi. Bobini hakuisoma barua. Alikitazama kidole.

Walipotoa kopi mbili duka la jirani na kurudi kuuliza gharama, Dada Fundi alikuwa tayari ameinamia simu ya mtu mwingine.

"Mama yangu ana cherehani kimekwama," alisema bila kuinua kichwa. "Njoo Jumamosi. Hicho unaruhusiwa kutia mafuta."

*

Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu, chupa za maji mbele ya watu watano, na benchi moja kwa watu arobaini. Bobini alisimama tangu saa mbili. Njia nzima alikuwa amepanga maneno. Alikuwa na maneno ya karani, ya mwenyekiti, na mengine ya akiba kwa yeyote atakayejitokeza.

"Namba ishirini na tatu. Barua iko wapi?"

Alisogea, akaweka karatasi mezani kwa mikono miwili. Mwenyekiti aliigeuza, akampa karani wa masjala aliyekaa pembeni na rundo lake la mafaili.

"Hii ni kopi," alisema karani. "Tulimwambia alete halisi."

"Ile nyingine mnayo nyinyi," Bobini alisema. "Soma chini."

"Chini kuna nini?"

"Soma tu, bwana karani. Mimi shule sikufika mbali. Nisomee."

Karani akasoma, kwanza kwa sauti. "Imepokelewa. Masjala. Halisi imebaki ofisini kwa uhakiki…" Kisha sauti ikapungua. Chini ya muhuri kulikuwa na tarehe, na chini ya tarehe kulikuwa na sahihi yenye mkia mrefu uliojikunja mara mbili. Sahihi hiyohiyo ilikuwa mbichi kwenye karatasi zote zilizokuwa mbele yake asubuhi ile.

Bobini aliikumbuka siku ile. Mkewe alikuwa amesimama dirishani tangu asubuhi mpaka saa tisa, hataki kuondoka bila muhuri, na yeye mumewe alimkaripia: unawachosha watu, njoo tule. "Mimi nawajua hawa," alimjibu. "Njaa haitaniua leo."

"Hii ni sahihi yako?" mwenyekiti aliuliza.

Karani aliisogeza karatasi karibu na macho. Alikuwa mtu mzima, kola ya shati imeanza kukatika, na kwa mara ya kwanza Bobini aliuona uso wake wote bila ya kidirisha. Ulikuwa uso wa mtu anayetafuta kichwani ni wapi alikoweka kitu. Bobini aliujua uso huo. Jana aliuvaa yeye.

Maneno yake yote aliyoyapanga yalikuwa tayari mdomoni. Watu arobaini walikuwa wakingoja ayatoe. Yeye akangoja kitu kingine: neno moja, fupi, ambalo jana lilimtoka yeye mwenyewe mbele ya wanaume wawili wasiomjua na msichana mwenye miwani. Halikuwa neno gumu. Hata mwenye elimu ya darasa la nne analiweza.

"Inafanana," karani alisema.

"Inafanana," mwenyekiti alirudia. Aliwageukia wenzake, wakanong'onezana. Maji yakanywewa. Kisha akasoma bila kumtazama mtu: "Kwa kuwa inaonekana waraka ulipokelewa, nyumba ishirini na tatu itaondolewa kwenye orodha, kwa muda, mpaka hapo faili litakapoonekana."

"Na likionekana?"

"Tutakuita."

"Na lisipoonekana?"

"Mzee, umeshapita. Shukuru."

"Na ile X?"

"Hiyo utaifuta mwenyewe. Rangi yoyote tu, haina masharti. Ishirini na nne!"

Alisimama pale kidogo, makusudi, akiwatazama mmoja baada ya mwingine, watano na karani wao. Hakuna aliyesema faili nani alilipoteza. Halikupotezwa na mtu. Hakuna aliyesema pole. Binti alimshika kiwiko.

"Twende, baba."

"Umeona?" alimwambia walipofika nje. "Umeona watu? Watu wazima, mwanangu! Na elimu yote ile!"

"Nimeona."

Walipofika barabarani mzee akasema, huku akitazama mbele, "Kile kiwiko. Kinauma bado?"

"Kimepona, baba."

"Mimi nilijua ni kiwiko."

Binti alicheka, cheko la kwanza baada ya siku tatu, akamshika mkono wavuke barabara.

*

Jioni, mwanga ukiwa bado mzuri, Bobini aliipaka X chokaa iliyobaki kwenye ndoo. Haikuzibika. Wekundu ule ulipenya kwa chini, ukawa waridi, na kila aliyepita aliendelea kuuona. Aliiacha hivyo, akaingia ndani kunawa mikono.

Binti alikuwa ameshatoa picha za barua na kuziweka kwenye simu yake na ya Dada Fundi. Kompyuta ilikuwa mezani, imefungwa, baridi. Alimwona baba yake akilikunjua shuka la maua, akiilaza katikati, akizikunja pembe nne kwa utaratibu uleule. Kisha akamwona anakwenda kwenye kabati la kazi na kufungua mlango mahali inapokaa chupa ya mafuta.

"Baba."

"Nimekusikia."

Alichotoa kilikuwa ni kipande cha gamba la boksi na kalamu ya kuwekea alama nguo. Aliketi. Aliandika kwa muda mrefu, akitoa ulimi nje kama wale watoto anaowafundisha binti yake, akaharibu kimoja, akaanza kingine. Alipomaliza alikibana juu ya shuka kwa sindano mbili, upande wa juu, mahali ambapo hata mtu mwenye haraka angekiona. Herufi zilikuwa kubwa na zimeinama upande mmoja.

MASHINE YA MAMA, kiliandikwa. USITIE MAFUTA.

Na chini yake, kwa herufi ndogo zaidi, mahali ambapo wengine hugonga muhuri, alikuwa ameandika jina lake.